Baridi Iliyopikwa Asubuhi

Nimezaa, nimezika, nimehama nchi moja kwenda nyingine na cherehani na mabuli mawili ya chai, lakini sikupata kujua kwamba saa zina bei. Samaki ana bei. Mchele una bei, na kila nikienda dukani naukuta umejiongezea. Lakini saa? Adhuhuri ni adhuhuri tu, ya tajiri na ya maskini. Basi mwanzo wa joto lile nikaambiwa hapana, adhuhuri imepanda.

Aliyeniambia ni mjukuu wangu wa kike, anayekaa nami hapa Ibra, Omani, kwa sababu chuo chake kiko karibu na kwangu kuliko kwa wazee wake. Kiswahili chake cha kubabaisha, Kiarabu kinamjia mbele kila mara, lakini anajitahidi, na mimi nasahihisha.

"Bibi, umeme zimepanda."

"Umeme umepanda. Na hiyo si khabari, umepanda tangu mwaka juzi."

"Sasa lazima tuchague, Bibi. Kampuni imeleta ujumbe kwenye simu."

Mimi sikusoma sana. Nilihitimu msahafu chuoni, nikaenda skuli darasa tatu, kisha nikaolewa. Barua za kampuni hazisemi nami. Nikamwambia anisomee polepole, na zile saa azigeuze kwa adhana, maana mimi siku yangu naigawa kwa adhana. Akasoma. Ilikuwa hivi: nyumba inaweza kuchukua bei moja ya kutwa kucha, si ya chini wala si ya juu sana. Au inaweza kuchukua bei mbili: tangu adhuhuri mpaka magharibi umeme ghali, na saa nyingine zote rahisi, tena rahisi khasa.

Nikamwambia anisomee tena. Maana mimi shughuli yangu kubwa ya wiki nzima iko baina ya adhuhuri na magharibi, na siku yenyewe ni Ijumaa.

Tangu marehemu mume wangu yuhai, Ijumaa ni kwangu. Watoto, wake zao, waume zao, wajukuu, na ndugu wa marehemu anayekuja kutoka Samad ash-Shan, wote baada ya sala wanakula hapa. Pilau, kachumbari, pilipili ya kusaga, maziwa mgando, halafu kahawa na tende. Hakuna anayealikwa. Asiyekuja napiga simu mwenyewe, na simu ile hapana anayependa kuipokea. Majlisi, sebule yangu ya wageni, ina viyoyozi viwili vikubwa, vinanguruma tangu watu waingie mpaka watoke, na mwezi wa saba hapa Ibra ukivizima ni kama umewatia watu katika tanuri ukawafunika.

Mwanangu mkubwa akaisikia ile khabari ya bei, akaja siku ya pili yake. Ana gereji Firq, nje ya Nizwa, na nyumba mpya. Fatura yangu ya umeme analipa yeye na nduguze. Akakaa, akanywa chai, akaanza kuzunguka zunguka na maneno.

"Mama, umechoka sasa."

"Nani kakwambia?"

"Hapana, nasema tu. Watu wote hawa, na joto hili, na bei hizi. Ijumaa tuihamishie kwangu Firq. Majlisi yangu kubwa, madirisha yana vioo viwili viwili, baridi haitoki."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Utakuja kama mgeni. Utakaa, utaletewa."

Mgeni! Nilimtazama mpaka akaweka kikombe chini. Mkewe ni mwanamke mwema, sina neno naye, ila pilau yake haina rangi na haina adabu, kila punje inakwenda zake. Na Firq kutoka kwangu ni zaidi ya saa moja na nusu kwa gari. Shemegi yangu wa Samad ashapindukia miaka thamanini, hafiki huko kila wiki. Ijumaa ikihama mara moja imekwenda. Itakuwa Firq, halafu itakuwa hotelini Jabal al-Akhdar kwa sababu kuna ubaridi wa bure, halafu itakuwa kupelekeana picha za sahani kwenye simu.

Nikamwambia: "Sikiliza. Fatura za joto hili zikizidi za mwaka jana, Ijumaa chukua, nenda nayo Firq. Zisipozidi, neno Firq nisilisikie tena ndani ya nyumba hii."

Akacheka, akanipa mkono. Alikubali upesi sana. Nikajua keshapiga hesabu zake.

Tukaenda ofisi ya kampuni, mimi na mjukuu wangu. Kijana wa kike aliyekaa mezani alikuwa na adabu, akaniita ummi, yaani mama yangu, akanieleza zile bei mbili kama vile ananifundisha kuvuka njia.

"Ummi, mwenye wageni wengi wa mchana afadhali achukue bei moja."

"Nani kakwambia mimi nina wageni wengi wa mchana?"

Akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu akatazama viatu vyake.

"Hii ya pili," nikauliza, "asubuhi rahisi kiasi gani?"

Akaniambia. Nikafikiri. Nikafikiria sufuria langu la pilau. Mimi nikiwa na wageni wa adhuhuri, sipiki adhuhuri. Napika asubuhi, natia makaa juu ya mfuniko, nikishaona imewiva nalifunga sufuria kwa kitambaa na shuka, na pilau inakaa moto mpaka wenyewe waje. Sasa ikiwa moto unapikwa mapema ukafunikwa, baridi ina nini? Nitaipika asubuhi kwa bei rahisi, nitaifunika, adhuhuri nitazima na kuwapakulia watu.

"Nipe ya pili," nikasema.

"Ummi, ukishachagua huwezi kubadili mpaka joto liishe."

"Mwanangu, mimi nilichaguliwa mume sikumwona hata picha, nikakaa naye miaka arubaini na miwili. Andika."

Nyumbani nikaanza kazi. Dada anayenisaidia, mwenyeji wa Tanga, nikampa nyundo. Tukapigilia mablanketi kwenye madirisha ya majlisi yote manne. Chini ya milango tukasokota mataulo. Tundu la bomba la kiyoyozi kimoja, ambalo lilikuwa na nafasi ya kupita mjusi, tukaliziba kwa matambara.

"Bibi," akasema yule dada, misumari mdomoni, "nyumba tunaivika sanda?"

"Piga msumari."

"Napiga, Bibi. Nauliza tu, isije ikawa kuna khitma sijaambiwa."

Ijumaa ilipofika, baada ya sala ya alfajiri nikawasha viyoyozi vyote viwili, nikavishusha mpaka namba ya mwisho. Kiasi cha saa nne asubuhi mjukuu wangu aliingia majlisi kutandika busati akatoka amejifunga shela yake mpaka puani. Nilimimina kahawa kikombe kimoja kujaribu. Sikuwahi kuinywa ikiwa moto. Nikafurahi. Nilikaa peke yangu kwenye takia, meno yanagongana, nafurahi. Ilipoadhiniwa adhuhuri nikazima, nikaifunga rimoti katika pindo la kanga, nikapiga fundo.

Sasa, nilifikiri juu ya madirisha, nilifikiri juu ya matundu. Jambo moja sikulifikiri, na ni mimi niliyewafundisha wao wote. Sikufikiri juu ya salamu.

Sisi mtu haingii tu. Anafika mlangoni, anasimama, anasalimia, anajibiwa, anauliza ulumu, yaani khabari, anaambiwa hakuna ulumu ila za kheri, naye anaulizwa zake, anasema hakuna, halafu ndiyo wanaanza kuelezana zile ambazo hakuna. Waliomo ndani wote wanainuka. Na hao wa mlangoni wakiwa wawili, hakuna anayekubali kutangulia. Na mlango, kwa muda wote huo, uko wazi kama mdomo.

Wa kwanza kufika ni shemegi yangu kutoka Samad, na mwanangu wa Firq pamoja naye.

"Ingia, Ami."

"Wallahi huingii nyuma yangu."

"Ami, wewe mkubwa."

"Na wewe mwenyeji."

"Mimi si mwenyeji, mwenyeji ni Mama."

"Basi aliye kulia atangulie."

"Uliye kulia ni wewe, Ami."

"Mimi? Kulia huku uko wewe!"

Na kweli, mmoja alikuwa ameelekea ndani na mwengine ameelekea njiani, kwa hivyo kila mmoja alikuwa kulia. Jambo hilo liliwachukua muda. Nyuma yao wakafika wengine, na wale wa nyuma hawakuwa na haraka hata kidogo, kwa sababu baridi yangu yote ilikuwa ikiwapitia miguuni.

"Mashallah," nikasikia mtu anasema huko nje, "leo hapa mlangoni kuna upepo mzuri!"

Upepo! Ile ilikuwa asubuhi yangu nzima inatoka kwenda barabarani. Nilikaa pale kwenye kona yangu nikaitazama. Kila aliyeingia waliomo wakainuka, na kabla hawajakaa mwengine akafika, na mlango ukafunguliwa tena, na shemegi yangu akauliza tena ulumu.

Masinia yalipoingia, baridi ilikuwa imebaki ndani ya friji na chini ya busati. Watu wakaanza kula. Jasho likaanza kwa wanene, likahamia kwa wengine.

"Mama," mwanangu akasema kwa upole, na uso wake unacheka, "tuwashe kidogo?"

"Kula."

"Mama, kofia ya Ami imelowa."

Nikatazama. Kofia ya shemegi yangu, nyeupe, imetariziwa kwa mkono, ilikuwa imeshikana na kichwa kama ngozi. Mzee alikuwa anakula bila ya kulalamika, lakini mkono ulikuwa mzito. Mgeni wako hawezi kuzimia juu ya pilau yako. Nikafungua fundo, nikatoa rimoti, nikawasha vyote viwili, na vikanguruma mpaka magharibi kwa bei ya ghali.

Usiku mjukuu wangu akafungua simu yake, kuna mahali anaona umeme wa kila siku. "Bibi," akasema, "leo tumetumia mara mbili." Maana nililipia asubuhi na nikalipia mchana.

Mtu mwenye akili angekoma. Mimi nikatunga sheria. Nilimwambia mjukuu wangu aiandike kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, tukaibandika mlangoni: *Ingia, funga mlango, ndipo usalimie.* Kiswahili chake nilikisahihisha mara mbili.

Ijumaa ya pili watoto walifurahi sana. Waliingia mbio mmoja mmoja, wakaubamiza mlango, wakasimama katikati ya majlisi wakapiga kelele "Shikamooni!" kama askari. Wake wa wanangu waliingia kwa upande. Wanaume wazima niliwaona wanaingia huku wamejikunja, wanatazama chini, kama watu waliokuja kuchukua kitu walichokisahau. Baridi ilikaa. Nakiri, ilikaa vizuri. Lakini majlisi ilikuwa kimya. Watu wamekaa kama wako kwa daktari, kila mmoja na ubaridi wake.

Halafu nikaona shemegi hayumo.

"Ami yako yuko wapi?" nikamuuliza mwanangu.

"Yuko nje ndani ya gari. Kasoma karatasi yako, kairudia kuisoma, kisha karudi garini, kawasha na mukayyif wake, kiyoyozi cha gari."

Nikachungulia. Kweli. Gari yake nyeupe imesimama mbele ya mlango wangu, injini inanguruma, kioo kimefunguliwa nusu, na watu wangu, wale wale walioingia kimya, walikuwa wanatoka mmoja mmoja kwenda kumsalimia. Walikuwa wamepanga foleni juani. Mzee anatoa mkono dirishani, anauliza ulumu, anajibiwa. Salamu zote zilizokatazwa kwangu zilikuwa zinauzwa pale.

"Mama," mwanangu akasema, "Ami kafungua majlisi yake."

Nikamwambia anyamaze. Nikapakua sahani, nikatia nyama ya upande anaoupenda, nikachukua na bakuli la kachumbari, nikatoka mwenyewe. Wale waliokuwa kwenye foleni wakatoweka.

"Shemegi," nikasema, "chakula."

"Ahsante, shemegi. Nitakula hapa hapa."

"Umekasirika."

"Sikukasirika." Akaipokea sahani, akaiweka mapajani. "Ndugu yangu yule alikuwa akinisubiri mlangoni pale. Hauachii mkono wangu mpaka nimpe khabari za mitende yangu mmoja mmoja, huu umezaa, huu umeingia mdudu. Watu wanapiga miayo ndani, yeye ameushika mkono. Leo mlango ule ule unaniambia kwa karatasi niingie nifunge. Mimi paka?"

"Paka hafungi mlango," nikasema.

Hakucheka. Kisha bega moja likaanza kutikisika, akacheka, akala tonge. Mimi nimesimama juani na bakuli la kachumbari. Nikamweleza mapatano yote, ya fatura na ya Firq, na khabari ya baridi niliyoipika.

"Firq!" akasema. "Mbona hukuniambia? Firq mimi siendi. Wale kahawa wanaitia katika vikombe vya karatasi." Akatafuna. "Pilau hii bado moto. Umeipika saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi ilikuwa tayari."

"Na baridi?"

"Nayo ilikuwa tayari saa hiyo hiyo."

"Kisha?"

"Kisha navifunika, nakungojeeni nyinyi."

Akanitazama, nikamtazama. Nikamwachia na bakuli la kachumbari. Nilirudi ndani moja kwa moja nikaibandua ile karatasi.

Jumatano nilipiga simu nyumba zote. Nilisema hivi: Ijumaa chakula ni saa mbili asubuhi, kabla ya sala. Sikueleza zaidi.

"Mama," akasema mwanangu, "pilau asubuhi?"

"Kwani tumbo lina saa?"

"Sisi tunatoka Firq. Itabidi tuondoke alfajiri."

"Mnajua njia."

"Na watoto watakuwa wamelala."

"Waje wamelala."

Binti yangu wa Sur, ambaye kila mara hujisifia upepo wake wa baharini, akaniuliza kama si bora nipike mandazi na mbaazi, kwa vile ni asubuhi. Nikamwambia mandazi na mbaazi kila mtu anazo kwake. Kwangu wanakuja kula pilau.

Wakaja. Wengine macho yamevimba, mtoto mmoja amevaa kanzu nje ndani. Viyoyozi vilikuwa vinanguruma vyote viwili na mlango nimeuegemeza jiwe. Shemegi yangu alifika amevaa kofia mpya, akasimama kizingitini, na mwanangu wa Firq akamfikia.

"Ingia, Ami."

"Wallahi huingii nyuma yangu."

Mimi nikaenda zangu jikoni. Walipomaliza ulumu za mitende pilau ilikuwa bado moto, na baridi bado inakuja, maana asubuhi ilikuwa bado asubuhi. Watu walisita kwenye tonge la kwanza, saa mbili na robo, tumbo halijafunguka. La pili halikusitwa. Tulikunywa kahawa, wakalala wenye kulala juu ya matakia, wakabishana wenye kubishana. Ilipokaribia sala wanaume wakatoka pamoja kwenda msikitini, na baada ya sala kila mtu akaenda kwake kulala. Adhuhuri, saa iliyopanda bei, majlisi yangu ilikuwa imezimwa kimya, na mimi nimelala chumbani na feni yangu ya mezani. Wao huko makwao wawashe wanavyotaka.

Tukafanya hivyo kila Ijumaa mpaka joto likavunjika. Fatura ya mwisho ilipokuja mwanangu alikuja kuisoma mwenyewe. Aliziweka za mwaka huu na za mwaka jana juu ya busati, akazisoma, akazigeuza, akazisoma tena.

"Zimepungua kidogo," akasema. "Na zile Ijumaa mbili za mwanzo zimo humu humu."

"Na zako za Firq?"

Akazikunja zote akanirejeshea. "Tulikubaliana juu ya zako tu, Mama."

Ijumaa iliyofuata aliwahi kufika. Nilikuwa jikoni nafungua sufuria, nikamsikia mlangoni na ami yake, na safari hii ni yeye aliyekuwa na haraka. Huyo mwenye madirisha ya vioo viwili.

"Ami, tafadhali ingia, baridi inatoka!"

"Iache itoke!" nikapaza sauti. "Rahisi hiyo. Salimianeni."

Wakaanza upya, tangu salamu ya kwanza.